Sista Saa na Fomu ya Kumbukumbu

Jina la Sista Saa alipewa na wenzake wa kliniki, na mwanzoni halikumpendeza. Alikuwa muuguzi wa miaka hamsini na mmoja, mwenye miguu inayovimba ikifika saa nane mchana na sauti iliyozoea kupanda juu ya kelele za foleni. Kwa miaka ishirini na mitatu watu walimwita Sista basi. Hilo la Saa liliongezwa mwaka walipokuja watafiti, kwa sababu kila mzee aliyeingia chumba namba sita alitoka huko akilalamika kuwa muuguzi amemchoresha saa kama mtoto wa shule.

Watafiti hao walikuja kuchunguza ugonjwa wa kusahau, ule ambao madaktari huuita dimensia na majumbani watu huuita uzee, tena kwa sauti ya chini. Waliongozwa na Profesa mmoja wa chuo kikuu, mama mpole ambaye hakupandisha sauti hata alipokuwa na haraka. Walitaka kujua kama kichupa kimoja cha damu, pamoja na maswali ya dakika ishirini, vinaweza kuutambua ugonjwa mapema, kabla mtu hajaanza kupotea njia ya kwenda kwake. Kliniki ile waliichagua kwa kuwa kila Alhamisi wazee zaidi ya mia walifika kupima presha na sukari. Sista akapewa mafunzo ya wiki mbili, beji ya kuvaa shingoni na fomu ya kurasa tatu.

Alifurahi kuliko alivyoonyesha. Miaka nenda miaka rudi alikuwa akiona wazee waliokuja kliniki siku isiyo yao, waliomeza dawa za asubuhi mara tatu, waliomsalimia kwa adabu zote halafu wakamsalimia tena kama ndiyo kwanza anaingia. Rejista ilikuwa na safu ya presha, ya sukari, ya uzito, ya vidonda vya miguu, hata ya minyoo. Kumbukumbu ya mtu haikuwa na safu. Sista alikuwa akiandika pembeni kwa penseli, "anasahau," na mwisho wa mwezi karani wa takwimu alikuwa akifuta ili ukurasa uwe safi. Walishagombana kwa ajili hiyo, karani akamwambia, "Sista, kompyuta haina pa kuliweka neno lako." Kwa hiyo watafiti walipokuja na fomu nzima ya kumbukumbu, aliona kama wamemletea kitu alichokuwa akikililia siku zote.

Wiki ya tatu akaingia Mwalimu. Ndivyo mtaa mzima ulivyomwita, maana alikuwa mkuu wa shule mpaka alipostaafu. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi mpaka vifungo viling'aa, na nyuma yake alikuja mkewe, mama mfupi aliyeshika mkoba kwa mikono miwili.

"Sista, mume wangu ananiuliza jambo moja mara nne kabla chai haijapoa," mke alisema kabla hata hajakaa. "Nikimwambia umeshauliza, anasema mimi ndiye nisiyesikiliza."

"Kwa hilo la kutosikiliza mngeanza kumpima yeye," Mwalimu alisema, na wote watatu wakacheka.

Walianza. Katika maneno matano aliyoambiwa ayashike, baada ya dakika chache alibaki na mawili. Mwezi aliutaja sawa, tarehe ikampiga chenga. Kisha Sista akasoma kutoka kwenye fomu: "Chora uso wa saa, weka namba zote, halafu mishale ionyeshe saa kumi na moja na dakika kumi."

Mwalimu alichora duara safi, akapanga namba bila kubanana, akauweka mshale mfupi kwenye tano na mrefu kwenye mbili. Sista akatazama majibu yaliyochapwa chini ya ukurasa, akainua kalamu, akasita.

"Kuna nini?" Mwalimu aliuliza.

"Mwongozo unasema mshale mfupi uwe kwenye kumi na moja."

"Mwongozo huo kauandika nani? Mshale mfupi ukiwa kwenye kumi na moja, hiyo ni saa tano. Nimefundisha watoto kusoma saa miaka thelathini. Wewe unaamka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja alfajiri."

"Na mshale wako unakuwa wapi?"

Sista alitazama saa ya mkononi mwake, ingawa hakuwa na haja ya kuitazama. "Kwenye tano," alisema.

"Basi nipe alama zangu."

Jioni ile Sista alibaki kazini akafungua fomu zote zilizokwisha kujazwa. Zilikuwa hamsini na nane. Wazee thelathini na mmoja walikuwa wamekatwa alama kwa kujibu sawasawa. Fomu ilitoka lugha nyingine ikatafsiriwa neno kwa neno, na aliyeitafsiri hakukumbuka kwamba sisi saa yetu huanza kuhesabiwa jua likichomoza. Baadhi ya wazee hao walikuwa wameshaandikiwa kuwa wana dalili, na wameenda nyumbani na wasiwasi wao. Alimpigia Profesa simu. Profesa akamshukuru, na wiki hiyohiyo fomu ikarekebishwa: iwe saa tano na dakika kumi. Alama zikahesabiwa upya. Kwenye kikao cha watafiti Profesa alimsimamisha, akasema bila muuguzi huyu utafiti wote ungepotoka, na Sista akasema sifa zote ni za Mwalimu. Tangu siku hiyo wenzake walipomwita Sista Saa, hakununa tena.

Utafiti ulimalizika baada ya miaka miwili. Wakaja vijana na gari, wakapakia friji ya sampuli, wakakusanya beji. Profesa aliwaaga wauguzi mmoja mmoja. "Matokeo yakitoka," alisema, "ninyi mtakuwa wa kwanza kufaidika." Sista Saa aliyashika maneno hayo. Aliyashika sana, na baadaye alijilaumu kwa kuyashika.

Matokeo yalichukua mwaka na nusu. Sista Saa akaalikwa kwenye mkutano wa nusu siku katika ukumbi wa hoteli wenye baridi ya kutetemesha. Ukutani ulimulikwa mchoro wenye mamia ya nukta. Profesa alieleza kwamba kila nukta ni mtu mmoja, na kwamba kipimo cha damu kimefanya kazi vizuri kuliko walivyotarajia. Ukumbi ukapiga makofi. Ulipofika muda wa maswali, Sista Saa alisimama.

"Mimi natoka kliniki zilikochukuliwa nukta hizo," alisema. "Kipimo kitatufikia lini?"

"Swali zuri sana," Profesa alijibu. "Sisi kazi yetu ilikuwa kuthibitisha kwamba kinafaa. Kukifikisha kwa wagonjwa ni hatua nyingine, na iko mikononi mwa ofisi kuu ya afya."

Bwana wa ofisi kuu ya afya, msimamizi wa miongozo ya matibabu, alikuwa ameketi safu ya mbele. Alipewa kipaza sauti. "Sisi tunasubiri watafiti watuletee pendekezo rasmi," alisema. "Na niseme tu kwamba mwongozo hupitiwa kila baada ya miaka mitano. Wa sasa umetoka mwaka jana."

Baadhi ya watu walicheka, si kwa ubaya. Sista Saa alikaa chini. Alitoka pale na mfuko wa kitambaa ulioandikwa jina la mkutano, na njia nzima aliushika kana kwamba kuna mtu amemtupia takataka zake.

Wakati huo Mwalimu hakuwa tena yule wa shati la pasi. Alikuwa ameanza kutoka nyumbani kwenda shuleni kufungua ofisi aliyoikabidhi miaka saba nyuma, na walinzi walimrudisha kwa upole mpaka upole ukawaishia. Mkewe alikuja kliniki kila Alhamisi, mara na yeye, mara peke yake.

"Damu yake mliichukua," alimwambia Sista Saa siku moja. "Kwenye friji yenu ilikaa. Mimi nataka kujua tu ilisema nini."

Sista Saa akampigia Profesa. Profesa alieleza kwa utaratibu uleule wa siku zote: majina yalitenganishwa na namba za sampuli, na orodha iliyoyaunganisha iliteketezwa utafiti ulipokwisha, ili siri za watu zilindwe. "Iko kwenye fomu ya ridhaa, kifungu cha tisa," alisema.

Kifungu cha tisa Sista Saa alikijua. Ni yeye aliyemsomea Mwalimu, kwa sauti yake mwenyewe, akamwonyesha pa kutia sahihi. Sasa ilibidi amweleze mkewe, na alimweleza yote, hata habari za nukta ukutani.

"Kwa hiyo moja ya nukta hizo ni mume wangu," mke wa Mwalimu alisema taratibu, "na hakuna duniani anayejua ni ipi."

"Ndiyo, mama."

"Haya."

Angetukanwa ingekuwa nafuu. Mama yule akaendelea kwamba mpwa wake amesikia kuna dawa mpya zinazopunguza mwendo wa ugonjwa ukiwa bado mchanga. Sista Saa hakumficha. Alimwambia zipo, ila hapa hazijafika, na huko zilikofika si kila mgonjwa anapewa, na lazima atambuliwe mapema. Mama akauliza mapema ni lini. Sista Saa akatazama kadi ya Mwalimu, tarehe ya siku ile ya kwanza, akasema hajui. Alijua vizuri sana.

Usiku hakulala vizuri, na kesho yake aliingia kwa daktari mkuu wa kliniki bila kubisha hodi. Daktari hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeona wagonjwa sitini kwa siku.

"Nikimpa kila mzee dakika ishirini, presha atapima nani?" aliuliza.

"Sikuombi wewe. Nipe Alhamisi mchana, foleni ikiisha. Nitawaona mimi."

"Chumba hakuna."

"Kile cha kuwekea magongo."

"Kile kina popo, Sista."

"Mchana popo wamelala. Sitawasumbua."

Daktari alicheka, na akicheka alikuwa akikubali. Sista Saa akasukuma magongo na mizani mbovu upande mmoja, akaingiza meza na viti vitatu. Kipimo cha damu hakuwa nacho, kwa hiyo alichukua kila kitu kingine alichofundishwa. Alitoa nakala za fomu iliyorekebishwa. Alichungulia masikio, maana mzee asiyesikia huonekana kama aliyesahau. Na alimtaka kila anayekuja abebe dawa zake zote katika mfuko mmoja, hata zile alizopewa na jirani.

Mwezi wa pili wa kazi hiyo aliletewa fundi cherehani, mama wa miaka sabini na moja. Mkwewe ndiye aliyemleta, na ndiye aliyekuwa akisema. Mama haelewi mambo tena, anashona mkono wa gauni shingoni, mchana anasinzia, jioni anaita watu waliokufa. Familia ilikuwa imeshakubaliana amalizie maisha yake kwa binti mkubwa, na cherehani ipelekwe kwa mjukuu. Fundi alikaa kimya, macho mazito. Sista Saa alimwaga mfuko wa dawa mezani. Kulikuwa na vidonge vya usingizi vilivyoandikwa na daktari mmoja, vya mzio kutoka duka la dawa, vya kibofu kutoka hospitali fulani, na kila aliyempa hakujua kuhusu mwenzake. Mafunzo yale ya wiki mbili yalikuwa na ukurasa mzima kuhusu dawa zinazoweza kuvuruga akili za wazee, na tatu zilikuwa pale mezani.

Alizipeleka kwa daktari mkuu, akazipanga mbele yake. Daktari akavua miwani. "Hivi vya usingizi nilimwandikia mimi," alisema.

Vya mzio vilisimamishwa, vya usingizi vikapunguzwa kidogo kidogo, vya kibofu vikabadilishwa. Baada ya wiki sita fundi cherehani alirudi peke yake, amekasirika kwelikweli.

"Walikuwa wameshaifunika cherehani yangu shuka," alisema. "Kama maiti. Nimewaambia anayetaka kurithi asubiri."

Sista Saa alicheka mpaka machozi yakamtoka, na siku ile alienda nyumbani mwepesi. Aliandika ripoti ya kurasa mbili: wazee wangapi amewaona, wangapi walikuwa na matatizo ya dawa au ya masikio, wangapi ameona dalili za ugonjwa wenyewe, na kwamba kipimo cha damu kinahitajika kwa hao wa mwisho. Daktari akaitia sahihi, ikapanda ngazi za ofisi. Baada ya miezi minne nakala ilirudi na muhuri mmoja: IMEPOKELEWA. Hakuna aliyeandika imepokelewa na nani, wala nini kifanyike.

Mwaka wa nne tangu watafiti waondoke, boksi liliteremshwa kliniki. Karani wa takwimu mwenyewe alikuja mbio kumwita. "Sista Saa, safu yako imekuja."

Ni kweli ilikuwa imekuja. Rejista mpya zilikuwa na safu ya kumbukumbu, na chini yake kulikuwa na fungu la fomu mpya zenye nembo ya ofisi kuu ya afya. Wenzake walimzunguka wakimpongeza. Alifungua fomu ukurasa wa pili, akasoma, akarudia kusoma. *Mishale ionyeshe saa kumi na moja na dakika kumi. Jibu sahihi: mshale mfupi kwenye 11.* Aliketi juu ya boksi.

Bwana wa miongozo alipatikana kwa simu siku ya tatu.

"Hiyo ndiyo iliyoidhinishwa," alisema. "Kubadilisha hata neno moja lazima irudi kwenye kamati."

"Kamati inakaa lini?"

"Miezi mitatu ya mwisho wa mwaka, mambo yakienda vizuri."

"Na mpaka wakati huo, wazee wenye akili timamu waandikwe wagonjwa?"

"Kuna karatasi ya maoni ndani ya boksi, Sista. Jaza."

Sista Saa akakata simu. Akampigia Profesa. Profesa naye aliduwaa, na safari hii utaratibu wake ulimponyoka. Hakujua, alisema; lazima kuna mtu aliyechukua faili la zamani. Marekebisho waliyachapisha, yako wazi kabisa kwenye tanbihi ya makala yao.

"Profesa," Sista Saa alisema, "kliniki hatusomi tanbihi. Sisi tunasoma kilichomo kwenye boksi."

 Profesa akauliza, "Alhamisi unaanza saa ngapi?"

Alikuja kweli, peke yake, bila gari la chuo, akakaa kwenye kiti cha tatu kati ya magongo. Aliona wagonjwa tisa. Wa sita alikuwa Mwalimu, ameshikwa mkono na mkewe. Profesa alimsalimia kwa heshima akamweleza kwamba walishaonana. Mwalimu alimtazama kwa tabasamu la adabu la mtu anayepokea mzazi wa mwanafunzi, akamwambia mtoto wake anaendelea vizuri ila aongeze bidii katika hesabu. Profesa akajibu, "Nitamwambia, Mwalimu."

"Huyu ndiye mwenye nukta?" mke wa Mwalimu alimuuliza Sista Saa.

"Ndiye."

Mama yule alimgeukia Profesa. Hakufoka. "Mwanangu, mimi sina elimu yako. Lakini mlipokuwa mnapanga kuchukua, mlipanga kila kitu. Gari lilikuwepo, friji ilikuwepo, hata biskuti. Kurudisha ndiko hamkukupanga kabisa."

 Profesa aliandika kitu kwenye daftari lake, akalifunga, akabaki na mikono juu yake mpaka mgonjwa wa saba alipoingia.

Baada ya wiki tano ulishuka waraka wa aya moja, wenye sahihi ya bwana wa miongozo na jina la Profesa chini yake, ukiruhusu kliniki zote kurekebisha fomu kwa kalamu mpaka kamati ikae. Sista Saa na karani walikaa wakifuta na kuandika juu, fomu mia nne, mpaka vidole vikaota sugu. Kwingineko waraka haukufika, au ulifika ukawekwa kwenye faili. Muuguzi wa kliniki jirani alimwambia hajawahi kuuona. Kipimo cha damu kilipangiwa majaribio mengine, katika hospitali tatu kubwa, kwa miaka mitatu. Kliniki yake haikuwemo, kwa kuwa, barua ilisema, ilishashiriki.

Sista Saa ana miaka mitatu kabla ya kustaafu. Ameomba muuguzi wa pili wa kumrithisha kazi ya Alhamisi, na anaulizwa kazi hiyo iko kwenye muundo upi wa ajira. Mke wa Mwalimu bado anakuja, ila siku hizi huupita mlango wa chumba cha magongo akakaa nje kwenye benchi na wenzake wanaotunza wazee wao. Huwafundisha aliyojifunza kwa taabu: mtu akikuuliza jambo mara ya tano mjibu kana kwamba ni la kwanza, usibishane naye kuhusu waliokufa, lala mchana akilala yeye. Alhamisi iliyopita walikuwa kumi na mmoja, na mmoja aliuliza kama kuna kipimo cha kujua mapema, maana mdogo wake naye ameanza.

"Kipo," mke wa Mwalimu alimjibu. "Mwulize Sista akueleze kiko wapi."

Sista Saa alimsikia kutoka ndani. Aliweka kalamu chini, akavuta pumzi, akatoka kwenda kueleza.